Lango la Uwanja

Katika mambo ambayo wanadamu huyatenda kwa hiari yao, bila ya kusukumwa na njaa wala kuburutwa na vita, kushindana kwa nguvu za miguu na mikono mbele ya macho ya kaumu iliyokusanyika ni miongoni mwa yale ya kale kabisa, na tena ni miongoni mwa yale yaliyodumu kupita dola na dini zilizoyazaa. Dola za Wayunani zimepita, na dola ya Warumi iliyozirithi imepita vile vile, lakini kila baada ya miaka 4 mataifa ya dunia hukutana hata leo kwa jina la bonde dogo la Wayunani, yakapimana mbio, miereka na mirusho. Atakayeitazama habari hii kwa makini ataona kwamba ndani yake mna tarikhi mbili ziendazo sambamba. Moja ni ya uwanja wenyewe, ambamo sheria ni moja kwa wote: atanguliaye ndiye mshindi, awe mwana wa mfalme au mwana wa mpishi. Ya pili ni ya lango la uwanja, ambapo tangu kale amesimama bawabu akiamua nani aingie na nani abaki nje. Uwanja ulikuwa na uadilifu wake tangu mwanzo. Lango limejifunza uadilifu polepole mno, na mara nyingi lilipopanuka lilipanuliwa kwa mikono ya wale waliofungiwa nje. Habari hiyo ya lango ndiyo ninayokusudia kuisimulia.

Olympia haikuwa mji. Ilikuwa mahali patakatifu pa mungu Zeus katika nchi ya Elis, magharibi mwa Peloponnese, chini ya kilima cha Kronos, pale mto Kladeos unapomiminika katika mto Alpheios. Mapokeo huuweka mwanzo wa michezo yake katika mwaka 776 kabla ya Kristo, na jina la kwanza katika orodha ya washindi ni la Koroibos wa Elis, ambaye kazi yake ilikuwa upishi. Mashindano yalikuwa ya aina moja tu, nayo ni mbio za urefu wa uwanja mmoja, takriban mita 192, na kwa Olimpiadi 13 hapakuongezwa jingine. Kisha zikaja mbio za kwenda na kurudi mwaka 724. Mwaka 708 miereka, pamoja na mashindano matano yaliyounganishwa, yaani mbio, kuruka, kisahani, mkuki na miereka. Ngumi mwaka 688. Na magari ya farasi wanne mwaka 680. Mstari wa kuanzia mbio ungaliko hadi leo: ni mawe yaliyolazwa ardhini, yamechongwa mifuo miwili iliyonyooka, ambamo mkimbiaji alibana vidole vya miguu, mguu mmoja mbele kidogo ya mwenziwe, kiwiliwili kimeinama na mikono imenyoshwa mbele, akingoja ishara. Wenye mali na wasio mali walikanyaga mifuo ile ile, na aliyechomoka kabla ya ishara alichapwa viboko mbele za watu, jambo ambalo kwa mtu huru lilikuwa aibu kubwa.

Wala Olympia haikuwa peke yake. Huko Delphi palikuwa na michezo ya Apollo, na mshindi akavishwa taji la majani ya mlori. Karibu na Korintho, kwenye shingo ya nchi iitwayo Isthmos, palikuwa na michezo ya Poseidon, na taji lake lilikuwa la msonobari. Na Nemea palikuwa na michezo mingine ya Zeus, ambayo taji lake lilifumwa kwa figili ya mwitu. Olympia na Delphi walikutana kila baada ya miaka 4, na hao wawili wengine kila baada ya miaka 2, hata ikawa mshindani hodari aliweza kuzunguka kutoka sikukuu hadi sikukuu maisha yake yote, kama Milo wa Croton, mwana miereka aliyeshinda Olympia mara 6. Taji la Olympia lilikuwa la matawi ya mzeituni mwitu, nalo halikuwa na thamani yoyote sokoni. Lakini mshindi aliporejea kwao alipokelewa kwa taadhima, na huko Athene akapewa haki ya kula chakula cha serikali siku zote za uhai wake.

Jambo lililoifanya sikukuu hiyo iwe ya mataifa, kwa maana ya zama zile ambapo kila mji ulikuwa dola, ni sulhu iliyotangazwa kabla yake. Wajumbe kutoka Elis walizunguka miji ya Wayunani wakitangaza siku za michezo na kuwaamuru watu wote wasiwaguse wasafiri waendao Olympia na watokao huko. Sulhu hiyo haikukomesha vita vya Wayunani, wala haikudai kuvikomesha; iliwawekea amana mahujaji na washindani njiani, na kuilinda nchi ya Elis isivamiwe na majeshi. Hilo lilitosha kuwawezesha watu wa miji yenye uhasama kukaa ukingo mmoja na kutazama mbio moja. Na sulhu hiyo ilikuwa na meno: mwaka 420 kabla ya Kristo, Sparta, iliyokuwa na jeshi la kutisha kuliko yote, ilishitakiwa kwa kuivunja, ikatozwa faini, na ilipokataa kulipa ikazuiwa kushiriki.

Washindani waliapishwa mbele ya sanamu ya Zeus mwenye kusimamia viapo, juu ya vipande vya nyama ya nguruwe, kwamba hawatafanya hila. Pamoja na hayo hila zilitokea, maana ghera ikizidi hugeuka tamaa. Mwaka 388 kabla ya Kristo bondia mmoja wa Thessalia, jina lake Eupolos, aligundulika kuwa amewahonga wapinzani wake watatu, na wote wakatozwa faini. Kwa fedha hizo zilitengenezwa sanamu za shaba za Zeus, zikasimamishwa kandokando ya njia iendayo kwenye mlango wa uwanja, na kila walipopatikana wadanganyifu wengine sanamu ziliongezwa, hata kila kijana aliyekwenda kushindana alipita kwanza mbele ya safu ya mashahidi wa aibu ya wenziwe. Misingi ya sanamu hizo ingali pale.

Basi ndivyo ulivyokuwa uwanja. Ama lango, lilikuwa jembamba. Aliyeruhusiwa kushindana ni mwanamume, aliye huru, na aliye Myunani. Mtumwa hakuwa na sehemu, wala mtu wa lugha nyingine. Mfalme Alexander wa Kwanza wa Makedonia alipokuja kukimbia, wapinzani wake walidai kuwa si Myunani, ikambidi athibitishe nasaba yake mbele ya waamuzi ndipo akaruhusiwa. Mwanamke aliyeolewa alikatazwa hata kutazama, na adhabu iliyotajwa katika sheria ilikuwa kutupwa kutoka juu ya jabali. Wasichana walikuwa na mbio zao wenyewe kwa heshima ya Hera, siku nyingine. Lakini katika mashindano ya magari ya farasi taji lilikuwa la mwenye farasi, si la mwendeshaji, na kwa ufa huo aliingia Kyniska, binti wa mfalme wa Sparta, ambaye farasi wake walishinda mwaka 396 na tena mwaka 392 kabla ya Kristo. Jina lake likachongwa katika jiwe hapo hapo Olympia, mahali ambapo haikuwa halali kwa mwanamke kushindana kwa mwili wake. Warumi walipoitawala nchi lango lilifunguliwa kwa watu wa dola yao, na hatimaye likafungwa kabisa: mwaka 393 baada ya Kristo, katika enzi ya Kaisari Theodosius aliyezipiga marufuku ibada za kale, ndio huhesabiwa kuwa mwisho. Mafuriko na matetemeko ya ardhi yaliufukia uwanja, na haukufukuliwa kwa utaratibu mpaka wataalamu wa Kijerumani walipoanza kazi hiyo mwaka 1875.

Kuhuishwa kwa michezo hiyo huhesabiwa kuwa kazi ya mtu mmoja, Pierre de Coubertin wa Ufaransa, na kwa hakika alistahiki sifa nyingi. Lakini alitanguliwa na wengine. Katika mji mdogo wa Much Wenlock, Uingereza, tabibu William Penny Brookes alikuwa ameanzisha michezo aliyoiita ya Olimpiki mwaka 1850, na Coubertin alikwenda kuitazama mwaka 1890. Huko Athene tajiri Evangelis Zappas alikuwa ametoa mali yake, na michezo ikafanyika mwaka 1859. Coubertin aliyakusanya mawazo hayo, akaita mkutano mjini Paris, na tarehe 23 Juni 1894 ikaundwa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Miaka miwili baadaye uwanja wa kale wa Athene, uliojengwa upya kwa marmar kwa mali ya Georgios Averoff, ulipokea wanariadha wa nchi zipatazo 14, na mshindi aliyependwa kuliko wote alikuwa Spyridon Louis, mchukuzi wa maji wa kijiji cha Marousi, aliyeshinda mbio za marathoni.

Lango la michezo mipya nalo lilikuwa na mabawabu wake. Coubertin hakutaka wanawake washindane, nao hawakuwamo Athene mwaka 1896. Waliingia Paris mwaka 1900 katika michezo michache kama tenisi, ambayo Charlotte Cooper wa Uingereza alishinda. Walipokataliwa riadha, Alice Milliat wa Ufaransa hakukaa akingoja: aliunda shirikisho la kimataifa la wanawake mwaka 1921, na mwaka 1922 akafanya michezo yao mjini Paris, na shinikizo hilo likazaa mbio za wanawake katika Olimpiki ya Amsterdam mwaka 1928. Bawabu mwingine alikuwa sheria ya kutolipwa, iliyowaruhusu wale tu wasiojipatia riziki kwa michezo, na ambayo kwa kweli ilimpendelea mwenye mali na kumzuia maskini. Jim Thorpe, mwana wa wenyeji asilia wa Marekani, alishinda mashindano mawili makubwa mjini Stockholm mwaka 1912, akanyang'anywa medali zake mwaka uliofuata kwa sababu alikuwa amepokea malipo madogo kwa kucheza besiboli. Alikwisha kufa zamani nishani hizo zilipokabidhiwa kwa watoto wake.

Na Mwafrika je? Waafrika weusi wa kwanza kukimbia katika Olimpiki walikuwa Watswana wawili, Len Taunyane na Jan Mashiani, huko St. Louis, Marekani, mwaka 1904. Hawakutumwa na nchi yao. Walikuwamo katika maonyesho ya vita vya Makaburu yaliyoandaliwa kwenye tamasha kubwa la biashara mjini humo, na kutoka katika maonyesho hayo wakaingia katika marathoni, wakamaliza katika nafasi ya 9 na ya 12, mbele ya wengi walioletwa kwa heshima zote. Katika tamasha hilo hilo watu wa mataifa mbalimbali waliokuwa wakionyeshwa walishindanishwa kwa siku mbili katika michezo wasiyofundishwa, ili ipatikane hoja kwamba wao ni duni. Fedheha hiyo ni ya walioandaa, na inafaa ikumbukwe kila zinapotajwa fahari za michezo.

Kwa kuwa lango kuu lilikuwa jembamba, waliokuwa nje walijijengea viwanja vyao. Mashariki ya Asia yalifanyika mashindano Manila mwaka 1913, na michezo ya bara zima la Asia ikaanza New Delhi mwaka 1951, India ikiwa imekwisha kujitawala. Wafanyakazi wa Ulaya walifanya Olimpiadi yao Frankfurt mwaka 1925. Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile ilipofunguliwa Olimpiki ya London, tabibu Ludwig Guttmann aliwashindanisha majeruhi 16 wa vita kwa upinde na mshale katika uwanja wa hospitali ya Stoke Mandeville, nao wakiwa katika viti vya magurudumu. Kutoka kwa hao 16 ndiko ilikotoka michezo ya walemavu iliyofanyika Roma mwaka 1960 na inayojulikana leo duniani kote. Michezo ya Dola ya Uingereza, iliyoanza Hamilton, Kanada, mwaka 1930, na ambayo leo ni ya Jumuiya ya Madola, iliwapa nafasi watu wa makoloni. Michezo ya Afrika ilikwisha kupangwa, kwanza Algiers mwaka 1925 na kisha Alexandria mwaka 1929. Lakini madola yaliyotawala hayakuitaka, maana yalihofu kuwaona watawaliwa wamekusanyika mahali pamoja na kupimana nguvu.

Watu wa Afrika Mashariki waliingia kwa lango hilo la Madola. Kenya ilituma wanariadha Vancouver mwaka 1954, na Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956 ikapokea Kenya, Uganda na Ethiopia. Roma, mwaka 1960, Abebe Bikila wa Ethiopia alikimbia marathoni miguu mitupu katika mji mkuu wa dola iliyokuwa imeivamia nchi yake mwaka 1935. Mbio zilikwenda hadi usiku, askari wakishika mienge kandokando ya barabara. Bikila akapita mbele ya mnara wa mawe wa Aksum, ambao majeshi ya dola hiyo yaliuchukua Ethiopia yakausimamisha Roma, na akamaliza wa kwanza kwenye tao la Konstantino kwa saa 2, dakika 15 na nukta 16, muda ambao hakuna mtu aliyekuwa ameufikia kabla yake. Miaka miwili baadaye, mjini Perth, Seraphino Antao, kijana wa Mombasa, alishinda mbio za yadi 100 na za yadi 220 katika Michezo ya Madola, wakati Kenya ilikuwa bado haijapata uhuru. Na mwaka 1964 huko Tokyo yeye ndiye aliyeibeba bendera ya Kenya huru, naye Wilson Kiprugut akaipatia nchi hiyo medali yake ya kwanza ya Olimpiki katika mita 800. Tanganyika nayo ilikuwapo Tokyo kwa mara ya kwanza.

Mexico, mwaka 1968, Naftali Temu alishinda mita 10,000 na Kipchoge Keino mita 1,500, na dunia ikajua kwamba nyanda za juu za Afrika Mashariki zina hazina. Lakini jina linalotajwa mara nyingi zaidi kutoka katika michezo ile ni la mtu aliyemaliza wa mwisho. John Stephen Akhwari wa Mbulu, Tanzania, alianguka katika marathoni akaumia vibaya goti na bega. Kati ya wakimbiaji 75 walioanza, 18 waliacha njiani, na hakuna ambaye angemlaumu kuwa wa 19. Akafungwa bandeji, akaendelea, mara akikimbia, mara akitembea kwa kuchechemea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa amekwisha kumaliza zaidi ya saa nzima kabla yake, medali zilikuwa zimekwisha kutolewa, jua limekuchwa, na watazamaji wengi wamekwenda zao, alipoingia uwanjani bandeji ikining'inia mguuni. Na wachache waliobaki wakasimama kumpigia makofi hadi alipokata mstari. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwa maana ya kwamba nchi yake haikumtuma safari ndefu ile ili aanze tu, ilimtuma ili amalize. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Akhwari aliongeza fundisho jingine, kwamba kushindwa hakumwondolei mtu wajibu wa kumaliza.

Katika miaka hiyo hiyo Afrika ilikuwa imejenga uwanja wake. Mwezi Julai 1965, mjini Brazzaville, Michezo ya Afrika yote ilifanyika kwa mara ya kwanza, takriban nchi 30 zikihudhuria, miaka 40 baada ya ile iliyozuiwa. Mwaka uliofuata likaundwa Baraza Kuu la Michezo la Afrika, na hapo bara likapata sauti moja juu ya jambo zito kuliko medali: Afrika Kusini, ambayo iliwachagua wachezaji kwa rangi ya ngozi. Nchi hiyo ilizuiwa Tokyo mwaka 1964 na kufukuzwa katika Olimpiki mwaka 1970. Timu ya raga ya New Zealand ilipokwenda kucheza huko mwaka 1976, na New Zealand ikaruhusiwa kushiriki Montreal, nchi zaidi ya 20, nyingi zikiwa za Afrika, zilisusia michezo hiyo.

Gharama ya kususia huko inafaa ipimwe kwa mtu mmoja. Filbert Bayi wa Tanzania alikuwa ameshinda mita 1,500 katika Michezo ya Madola mjini Christchurch tarehe 2 Februari 1974, akiongoza tangu mwanzo hadi mwisho, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia. Na aliyemfuata kwa karibu alikuwa John Walker wa New Zealand. Dunia nzima ilingoja wakutane tena Montreal. Walker alikwenda akashinda. Bayi hakuwapo, kwa kuwa Tanzania iliona kwamba haiwezi kukimbia kwa furaha katika uwanja ambao ndugu zake wa kusini wamefungiwa nje. Mwaka 1980 huko Moscow, ambako nchi nyingine nyingi, Kenya ikiwamo, hazikwenda kwa sababu ya vita vya Afghanistan, Bayi alipata medali ya fedha katika mbio za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui medali ya fedha katika mita 5,000. Lakini mbio za Montreal hazikurudi tena. Hiyo ni sadaka, na ilitolewa na mtu aliyekuwa amekwisha kuingia ndani ya lango kwa ajili ya wale waliokuwa bado nje yake.

Matunda yake yalionekana Barcelona mwaka 1992, Afrika Kusini iliporudi. Katika mita 10,000 za wanawake Derartu Tulu wa Ethiopia alishinda, akawa mwanamke mweusi wa kwanza wa Afrika kutwaa dhahabu ya Olimpiki, na aliyekuwa wa pili ni Elana Meyer, mzungu wa Afrika Kusini. Tulu alimngoja kwenye mstari, wakakumbatiana, wakauzunguka uwanja pamoja wameshikana mikono.

Leo lango ni pana kuliko lilivyopata kuwa, na bado halijakamilika. Nairobi iliwakaribisha watu wa Afrika yote katika Michezo ya mwaka 1987, katika uwanja wa Kasarani, lakini Olimpiki kubwa yenyewe haijapata kufanyika katika ardhi ya Afrika. Ile ya vijana imepangwa kufanyika Dakar mwaka 2026. Mwezi Machi 2025 Kirsty Coventry wa Zimbabwe alichaguliwa kuwa rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza kushika cheo hicho. Bawabu aliyebaki ni mali: gharama za mafunzo, za vifaa na za ujenzi, ambazo huwachuja vijana kabla hawajaujua hata mlango ulipo. Bawabu huyo hataondolewa na kamati ya ng'ambo. Kila shule inayouza kiwanja chake yajengwe maduka, na kila wilaya isiyo na mwalimu wa riadha, humsaidia kazi yake. Na kila kijiji kinachotenga ardhi tambarare, kikaichora mistari na kuwaita watoto wote, wavulana kwa wasichana, wazima kwa walemavu, waje wapimwe kwa haki, hufanya kazi ile ile waliyoifanya Milliat, Guttmann na Bayi. Wao walipanua lango kwa gharama kubwa. Ni wajibu wetu kuhakikisha kwamba watoto wetu wana mahali pa kujifunza kukimbia kabla ya kulifikia.